Tairi Nililolichonga kwa Patasi ya Baba

Nakumbuka asubuhi ile ya masika pale Chanika, mwanangu, nina bakuli la supu mkononi, nilipomwona baba yangu mzazi anapanda pikipiki ya Chande, dereva mwenzangu wa kijiweni. Ukiniuliza leo ile supu ilikuwa ya nini, sijui. Ninachokumbuka ni tairi la nyuma la pikipiki ile. Nilikuwa nimelitengeneza mimi, kwa mikono hii, na lilikuwa na siri ambayo Chande mwenyewe hakuijua.

Subiri nikueleze, maana najua nyie vijana mnapenda kurukia kwenye ajali. Mnanicheka pale kijiweni kwamba mzee Fide akisalimiwa hatazami uso wa mtu, anainama kutazama tairi. Leo utajua kwa nini nainama.

Sie kwetu ni Newala. Baba alikuja Dar na patasi zake kwenye mfuko wa turubai, akajenga Chanika wakati bado ni mashamba ya mihogo, akawa anachonga vinyago vya mpingo nyuma ya nyumba. Alinifundisha kazi hiyo nikiwa mdogo, na sitaki kujisifu, mkono wangu ulikuwa mzuri. Lakini mpingo ni mgumu na unataka subira, na mimi subira sikuwa nayo. Bodaboda ziliposhika kasi mjini nikaacha vumbi la mpingo, nikanunua pikipiki. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, kwa hiyo usije ukasema ulikuwa utoto. Ulikuwa ujinga wa mtu mzima mwenye mke.

Basi pikipiki ina tabia moja, inakula tairi la nyuma. Barabara zetu unazijua: lami kidogo, kisha mchanga, kisha kokoto, na mgongoni una abiria wawili na gunia la mkaa. Mimi nilikuwa nanunua tairi la bei ya chini kabisa dukani, bila hata kuligeuza nikalitazama, kwa sababu lilikuwa jeusi na lilinukia upya. Miezi mitatu, kipara. Nanunua jingine, kipara. Kila likiisha namlaumu muuzaji, nalaumu barabara, nalaumu serikali. Mwenyewe sikujilaumu hata siku moja.

Siku moja likaisha kabisa, nikachukua patasi ya baba, ile ndogo yenye mdomo wa mviringo aliyokuwa anachongea nywele za vinyago. Nikalilowesha tairi kwa maji ya sabuni, nikaanza kuchimba mifereji mipya kwenye mpira ili kashata zirudi, yale meno ya tairi yanayoshika barabara. Mwanangu, ilipendeza! Nikapaka rangi nyeusi ya viatu, tairi likang'aa utadhani limetoka dukani saa hiyohiyo. Nikaenda nalo kijiweni, wenzangu wakapiga miluzi. "Oya, fundi Fide, na mie nichongee!" Nikawachongea. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimechonga matairi saba, la kwangu likiwemo, na nilijiona mwokozi wa wanyonge.

La mwisho lilikuwa la Chande. Huyu alikuwa dereva mpole kuliko wote kijiweni, anaendesha taratibu mpaka abiria wengine wanamkimbia. Tairi lake lilikuwa limeliwa sana. Nilipozamisha patasi, chini kabisa ya mfereji nikaona weupe. Zilikuwa nyuzi. Nyuzi ndizo mifupa ya tairi, mwanangu, ukiziona ujue mpira umekwisha, kilichobaki ni tyubu na bahati. Nilitakiwa kumwita Chande nimwonyeshe. Badala yake nikajaza gundi kwenye ule mfereji, nikapaka rangi mara mbili, nikamkabidhi. Watu walikuwa wamenizunguka wananitazama, nikaona aibu kusema kwamba hili limenishinda.

Siku nne baadaye ndiyo ile asubuhi ya supu. Baba alikuwa amemaliza kinyago kikubwa, kazi ya miezi mitano, na alikuwa anampelekea mnunuzi Gongo la Mboto. Mpingo una uzito, usiombe. Ningempeleka mimi, ila alikuwa ananikataa. "Wewe unakimbiza," aliniambia, "mie natafuta mtu wa kunifikisha." Akamchagua Chande kwa upole wake. Nikamwona anakaa, kinyago kimefungwa nyuma yake ndani ya turubai la buluu, na tairi limebonyea chini ya uzito ule wote.

Nilipiga kelele. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kibanda cha mama ntilie, hata mimi sikujisikia. Wakaondoka.

Nikapiga simu ya Chande. Inaita tu. Mvua ikinyesha dereva anaifunga simu kwenye nailoni na kuisahau, hilo unalijua. Baba naye, simu yake aliiacha kabatini kila alipotoka, eti isije ikapotea. Nikaweka bakuli popote, nikarukia pikipiki yangu. Mama ntilie akaniuliza kuna nini, nami nimeshawasha moto. Nilikuwa nimeshafika mbali ndipo nikakumbuka kwamba hata tairi langu la nyuma ni la kuchonga.

Kuanzia Chanika barabara inapanda na kushuka, lakini mteremko niliokuwa nauogopa ni ule wa baada ya Pugu Kajiungeni, unaoingia Gongo la Mboto. Malori ya mchanga yanashuka pale yamejaa, na mvua ikinyesha hayasimami kirahisi. Tairi likiwapasukia pale, wanaangukia chini ya lori. Sikuwa na wazo jingine kichwani. Kila kona pikipiki yangu ilikuwa inateleza nyuma, mifereji yangu mizuri haishiki kitu, maana mpira uliokwisha na kukauka haushiki lami hata uuchonge vipi. Nilikuwa naomba kwa sauti, nachanganya Salamu Maria na majina ya marehemu wetu wa Newala.

Nikawaona nilipopita Kajiungeni. Turubai la buluu kwanza, kisha kofia ya baba. Nikapiga honi mfululizo. Unajua Chande alifanya nini? Akapiga honi naye, akanyanyua mkono! Kijiweni kwetu tukikutana barabarani tulikuwa tunasalimiana kwa honi, akadhani namsalimia. Tena, labda kwa kufikiri nataka kumpita nimcheke, kwa mara ya kwanza maishani mwake Chande akaongeza mwendo.

Nililia, mwanangu. Sioni haya kukuambia. Nilikuwa nyuma yao hatua kama thelathini, na tairi naliona. Pale nilipojaza gundi palikuwa pametoka uvimbe, tyubu inatafuta njia ya kutoka, na kila tairi likizunguka ule uvimbe unapanda, unapotea, unapanda tena mkubwa zaidi. Mbele yao mteremko ulikuwa unaanza. Nyuma yangu lori lilikuwa linawasha taa linaomba njia.

Baba akageuka. Sijui ni honi ndiyo iliyomgeuza au ni kitu kingine. Nikaachia mkono mmoja, nikamwashiria chini, nyuma, simameni, chochote kile. Kwa umbali ule, kwenye mvua ile, akaniona usoni. Akampiga Chande begani kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu.

Chande akapunguza, akaingia pembeni kwenye tope. Hapo ndipo tairi likapasuka. Mlio wake niliusikia kifuani. Pikipiki ikayumba, ikalala ubavu, ikawatupa wote wawili mtaroni, na lile lori likanipita, likapita palepale walipokuwa muda mfupi kabla. Nadhani dereva wake hata hakujua.

Chande alikuwa amechubuka viwiko. Baba alikuwa amekaa kwenye maji, goti limechanika. Kinyago kilikuwa kimepasuka katikati. Nilitegemea atakitazama, hakukitazama. Alijikokota mpaka kwenye pikipiki, akaweka kidole gumba kwenye mfereji mmoja wa tairi, akakipitisha taratibu mpaka mwisho, pale mfereji unapomalizikia kwa kupinda kidogo kwenda juu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumaliza mkato hivyo, ili mti usichanike.

"Mkono huu naujua," akasema.

Chande, maskini, akadhani ninasifiwa. "Si fundi Fide huyu, mzee. Kanichongea wiki hii."

Baba alikuwa ananitazama mimi. "Nyuzi uliziona?"

Ningeweza kudanganya, maneno yalikuwepo. "Niliziona, baba."

"Ukamwambia mwenzio?"

"Hapana."

Chande akasimama pale, damu inamchuruzika, ananiangalia kama hanijui. "Fide, jana nimempeleka mke wangu kliniki na tairi hili, na mtoto mgongoni," akasema. "Jana tu, braza." Akainua pikipiki yake, akaanza kuisukuma.

Baba alinishika bega apate kusimama. "Mie nikichonga," akaniambia, "natoa kisichotakiwa ili kibaki kitu. Wewe umetoa kilichokuwa kinambeba mtu, ukaacha urembo. Umechonga mangapi?"

"Saba."

"Nenda kayatafute. Ukiyamaliza njoo uniambie."

La kwangu nililikatakata kwa panga siku ileile, na la Chande lilikuwa limeshajimaliza. Wengine wanne niliwafuata mmoja mmoja, nikawaambia ukweli mbele ya abiria wao. Mmoja alinizaba kofi, nikalipokea. Likabaki moja, la saba katika kuyatafuta. Mwenyewe alikuwa ameuza pikipiki kwa mtu wa Tandale, na huyo wa Tandale naye ameiuza kwa mtu asiyemjua jina. Nilizunguka Tandale mwezi mzima, kijiwe kwa kijiwe, mpaka kwenye pikipiki za sokoni zinazobeba viazi, nainama nyuma ya kila moja napapasa tairi, hadi wapagazi wakanidhania mwizi. Sikulipata.

Baba alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Kila nilipoingia kwake, kabla sijamaliza kumwamkia, ananiuliza, "La saba?" Namjibu bado. Aliniuliza hivyo hata juma lile alilofariki, na sauti ilikuwa imeshaisha, nikamsoma midomo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, maana najua umekuja kutafuta tairi na mfuko wako si mnene. Kununua la bei nafuu si kosa, hata mimi dukani kwangu ninayo. Kosa ni kununua bila kutazama. Waulize wenzako wenye pikipiki kama yako wanaopita njia kama zako, ni tairi gani limewakalia muda mrefu. Soma saizi kwenye lile la zamani, usikubali kuambiwa linakaribiana. Ubavuni utaona tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwisho ni mwaka liliotengenezwa. Lililokaa miaka dukani, tena limeanikwa juani mlangoni, limeshazeeka kabla halijatembea. Likunje kidogo, ukiona nyufa nyembamba mrudishie mwenyewe. Na usivutiwe na zile kashata ndefu zilizoachana kama za trekta. Hizo ni za shambani, kwenye lami zinaisha upesi na mvua ikinyesha zinakutupa. Kwa kazi ya kila siku ya lami na mchanga wetu huu, chukua zenye kashata pana zilizokaribiana. Halafu upepo! Pima upepo kila wiki, asubuhi kabla hujatoka, maana tairi lenye upepo mdogo linajila lenyewe, na wengi mnaolalamikia matairi mabovu ni wavivu wa pampu tu.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikiisha mpaka zikalingana navyo, hilo tairi limekwisha kazi. Usilichonge, usilipake rangi, usimuuzie mwenzio, wala usimpe bure. Wapelekee mafundi wanaotengeneza katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, wao ndio wenye haki ya kuchonga tairi. Na siku ukiziona nyuzi, iwe kwenye tairi lako au la mwenzako, sema palepale, hata kama kijiwe kizima kinakutazama. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya aibu ya dakika moja, na nimeibeba mpaka mvi hizi.

Najua lile la saba limeshaoza siku nyingi, sijachanganyikiwa kiasi hicho. Lakini sijui liliishia wapi, wala ni nani alikuwa amekaa juu yake. Ndiyo maana nainama kila pikipiki ikisimama hapa, nitaendelea kuinama, na nyie chekeni tu.

Haya, sogeza ya kwako hapa niitazame kwanza, ndipo uende. Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kusema, mwanangu. Akufikishe salama kila uendako, na kila atakayekaa nyuma yako, ashuke kwa miguu yake mwenyewe mlangoni kwake.