Ghorofa la Mzee Kesho

"Baba, unalinyanyua mpaka wapi?"

Aliyeuliza ni binti wa mwisho wa nyumba ile, siku hizo yuko darasa la tatu, amechuchumaa uani na kidole gumba mdomoni. Baba yake hakuonekana isipokuwa miguu miwili yenye ndala iliyochomoza chini ya gari bovu, utafikiri gari lenyewe ndilo lililovaa ndala. Sauti ya kuchoka ikatoka huko chini.

"Mpaka litoshe."

"Litoshe nini?"

"Mwanangu, hebu kaniangalie kama maji ya kuoga yameshachemka."

Mtoto akaenda, na swali likabaki pale uani kati ya nati zilizoota kutu.

Baba mwenyewe kazi yake ni dereva wa bowza la maji. Alfajiri yuko kwenye foleni ya kujaza, mchana kutwa yuko barabarani anavuta mpira mzito hadi kwenye matangi ya watu, na jioni anarudi mgongo umekakamaa kama ubao wa kupigia pasi. Watu wa aina hiyo wakifika nyumbani hulala. Yeye alibadilisha shati, akajipenyeza chini ya gari. Wakati mwingine spana zilinyamaza ghafla, na mkewe akimchungulia anamkuta amesinzia hukohuko, grisi shavuni, nati ameifumbata mkononi.

Mtaani walimbandika jina la Kesho. Kila aliyepita getini na kuuliza gari linatoka lini alijibiwa neno hilohilo moja. Mwisho hata watoto wadogo wakawa wanasema, "Shikamoo, mzee Kesho," naye anaitikia marahaba. Hakuudhika, maana hata kuudhika kunataka nguvu.

Gari alilipata kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Lilikuwa gari la porini la zamani, la pembe nne kama boksi la viatu, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye usukani, na kuku alikuwa ametagia kiti cha nyuma. Siku lilipoburutwa hadi nyumbani, jirani yao mchomeleaji, ambaye wote walimwita Cheche, alishika kiuno akacheka mpaka miwani yake ya kazi ikadondoka.

"Jirani, hili umelinunua au umelizika?"

"Cheka tu. Litatembea."

"Lini?"

"Kesho."

Haikuwa tamaa ya gari. Mkewe kwao ni mlimani, na huko mlimani alibaki mama yake, bibi wa watoto, peke yake na mbuzi wake. Njia ya kwenda huko inakatwa na mto mdogo usio na daraja, wenye mawe chini yake makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Basi huishia upande wa huku. Abiria wanavua viatu, wanavuka, wanapanda mlima kwa miguu. Mama wa nyumba alikuwa ameshashindwa mlima huo. Alikuwa fundi cherehani, na ile kazi ya kukanyaga miaka nenda miaka rudi ilikuwa imemla goti la kulia. "Linanisumbua kidogo tu," alikuwa akisema.

Kila Jumapili simu iliwekwa juu ya meza ya cherehani, sauti imefunguliwa wote wasikie.

"Haya, gari limepona?" bibi anauliza, kama mtu anayemuulizia mgonjwa.

"Bado, mama. Wamelifungua tumbo."

"Maskini. Mwambie mkwe wangu asilipe dawa kali." Halafu kicheko, halafu sauti inashuka. "Ila fanyeni haraka, mwanangu. Jicho moja limeshafunga duka. Hili lililobaki nalo limeanza kuteremsha milango. Nataka nikuone sura yako, si sauti. Sauti naisikia kila Jumapili."

Mkwe akisikia hayo anaweka chini kikombe cha chai hata hakijafika nusu, anarudi uani.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Siku ya mapumziko alipanda basi peke yake hadi mtoni, akakunja suruali, akaingia majini, akapapasa mpaka akalipata jiwe refu kuliko yote. Akalisimamishia mpini wa ufagio na kuchonga alama kwa kisu pale jiwe lilipoishia. Tangu siku hiyo mpini ule ukawa ndio sheria ya uani. Chochote kilichoning'inia chini ya gari kilipimwa nacho, na kikiwa chini ya alama, kazi inaanza upya. Springi za zamani zililegea kama mkeka, akazitoa na kufunga za lori dogo. Gari likapanda. Difu, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, bado likawa chini ya alama, kwa hiyo akatafuta matairi makubwa zaidi. Matairi yakakwaruza bodi, Cheche akaitwa kukata bodi. Bomba la kuvutia hewa likapandishwa hadi juu ya paa ili injini isije ikanywa maji. Binti alipoliona alidhani ni la moshi wa jikoni, akauliza kama gari litakuwa linapika. Huwezi kumlaumu. Ukirekebisha kimoja, viwili vinalia, na huko ndiko miaka ilikokwenda.

Tena palikuwa na mwiko. Hapandi mtu kwenye gari lililo juu ya mawe, si mke si mtoto, mpaka lisimame kwa magurudumu yake na yeye mwenyewe alizungushe kwanza. Alipokuwa utingo aliona jeki ikiteleza na gari likamshukia mwenzake mkono, na ukelele ule hakuusahau. Kwa hiyo hata vifuniko vya viti mkewe alivishonea barazani. Viti viliteremshwa, vikapangwa sakafuni, mama akapima kwa futi yake, akashona, akavivisha. Alipomaliza alijitupa kwenye kimojawapo pale chini, akanyoosha miguu.

"Kumbe kizuri! Humu nitalala mpaka kwa mama."

Mumewe akacheka. Binti anasema hakumbuki baba yake akicheka vile tena mwaka mzima.

Na kweli siku ikafika. Binti alikuwa ameshaingia sekondari, ana shingo ndefu na maswali mengi kuliko zamani. Asubuhi moja ya Jumapili injini ilikohoa, ikapiga chafya moshi mweusi, ikakubali. Baba akalizungusha mtaa mzima peke yake, akarudi, akalisimamisha mbele ya geti. Watu walijaa. Lilikuwa refu! Watoto walipita chini yake karibu bila kuinama.

"Ghorofa limetoka!" Cheche akapiga kelele. "Mzee Kesho leo amekuwa mzee Leo!"

Mama akatoka amevaa gauni la buluu alilojishonea kwa safari hiyo, kitambaa kipya kichwani, mkoba mkononi. Akafika mlangoni mwa gari, akasimama. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake.

Akainua mguu wa kushoto, wa kulia ukakataa kumbeba. Akabadilisha, wa kulia ukakataa kupanda. Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi.

"Leteni ngazi!" mmoja akasema, watu wakaangua kicheko. Stuli ikaletwa. Alipokanyaga juu yake goti likalia ko, kila mtu akasikia, na kicheko kikakatika kama kimezimwa swichi. Binti akamsukuma kwa nyuma. "Mama, jikaze kisabuni, bado kidogo tu." Mama alikuwa ameng'ang'ania mlango, jasho limemtoka juu ya mdomo. Kisha akashuka taratibu, akakung'uta gauni.

"Nendeni nyie," alisema. "Mkamsalimie. Mwambieni nina wateja."

Akarudi ndani akishika ukuta. Mumewe, akiwa bado kwenye usukani, alimtazama akishika ukuta, na ilikuwa kama anaona kwa mara ya kwanza kwamba ule ukuta una alama nyeusi ya viganja kuanzia barazani hadi jikoni. Akazima injini. Akamfuata.

"Goti limekuwa hivi tangu lini?"

"Zamani."

"Mbona hukusema?"

"Niseme saa ngapi, baba watoto? Unarudi hoi, unaingia chini ya gari, unatoka, unalala. Nikuongezee na goti?"

"Cheche atakuchomelea kikanyagio."

"Ngazi mbili za baraza hizo hapo, napanda kwa kushika ukuta. Goti halijui hiki kikanyagio, hii baraza."

Mumewe akakaa kwenye kiti cha mteja, mikono katikati ya magoti. Nje watu walikuwa wanatawanyika, wanaongea kwa sauti za chini kama waliotoka kuona mgonjwa. Kikanyagio chenyewe, aliwaza, kingening'inia chini ya alama, kingekuwa cha kwanza kugonga jiwe. Akafikiria springi zile, bolti moja moja. Akahisi uchovu wa miaka yote umekuja siku moja, tena umekuja na mizigo yake. Halafu akanyanyuka, akavua shati la safari.

Cheche alisikia mlio wa jeki, akachungulia juu ya ukuta.

"Bwana wee! Unafanya nini tena?"

"Nalishusha."

"Unalishusha! Mtu na akili zako timamu! Si litakwama mtoni?"

"Likikwama, litakwama na yeye ndani."

Cheche akateremka ukutani. Baadaye akaja na funguo zake bila kuitwa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alifanya kazi bila kutania mtu. Springi za lori zikatoka. Zile za zamani, zilizolegea kama mkeka, zikarudi mahali pake. Matairi makubwa yakatoka. Safari hii hakuna mpini uliosimamishwa popote. Mama aliletewa kiti, akakaa kando ya gari, na kila hatua akaombwa ajaribu. "Hapo?" "Bado." "Hapo je?" Hata mwiko ulivunjwa, gari bado liko kwenye jeki na mama ana mguu mmoja ndani. Ilipofika mahali akageuza makalio, akakaa kwenye kiti alichokishona, kisha akavuta miguu yake ndani mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeshangilia. Walichoka mno.

"Hapa," alisema.

Jumapili iliyofuata wakaondoka. Mtoni baba na binti walishuka kwanza, wakaingia majini wakipapasa kwa miguu wapi mawe yako chini kidogo, kisha baba akarudi kwenye usukani. Mama alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akafumba macho. Gari likaingia. Katikati tumbo likapanda jiwe, likapiga kelele ya chuma iliyomfanya binti azibe masikio, likayumba, likakaa. Baba akatia gia ya kurudi nyuma, akasogea kidogo, akaenda mbele tena kwa upande. Kelele nyingine. Maji yakaingia kupitia mlango, viatu vya mama vikaelea. Kitu kikakatika huko chini, injini ikaanza kunguruma kama simba mwenye mafua, na likatoka upande wa pili likichuruzika maji. Binti alipiga makofi peke yake.

Mlima walipanda kwa kishindo hicho. Bibi aliwasikia wangali mbali, wakamkuta mlangoni amesimama, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale walipokuwa.

"Limepona?" akauliza.

"Limepona kidogo, mama," mkwe akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Kikohozi chake si kidogo."

Mama wa nyumba alishuka kama alivyopanda, makalio kwanza, akavuka uwanja akishika bega la binti yake. Bibi akamshika mwanawe mashavu kwa viganja vyote viwili, akamvuta mpaka pua zao zikagusana, akamgeuza huku na huku kuutafuta mwanga. Alimtazama hivyo muda mrefu. Kisha akashusha mikono, akaishika nguo.

"Umenenepa," alisema. "Na gauni limekupendeza. Ni la kijani?"

Mama wa nyumba akalitazama gauni lake la buluu.

"Ndiyo, mama," akajibu. "La kijani."

Wakaingia ndani. Baba alikwenda kwenye gari, akatandika gunia, akajipenyeza chini na kipande cha waya kulifunga bomba la moshi lililokatika. Baada ya kitambo binti yake akaja kumwita chakula. Ndala mbili zilizolowa zilikuwa zimechomoza pale. Akachuchumaa.

"Baba, chakula."

"Nakuja." Waya ukazungushwa, ukakazwa. "Wewe uliwahi kuniuliza nalinyanyua mpaka wapi."

"Ukasema mpaka litoshe."

"Sikuwa najua." Waya ukaacha kulia, na binti akadhani amesinzia kama kawaida yake. Halafu sauti ikatoka tena, ya chini, ya mtu aliyelala chali na kuongea na chuma. "Mpaka goti la mama yako, basi. Ningelipima hilo kwanza, tungekuja zamani, na bibi yako angeiona buluu."