Vijiti Viwili vya Babu Orest

Babu Orest Hnatiuk hana simu ya mkononi, hana televisheni, na tangu mkewe Olga afariki hana mtu wa kumwambia chumvi imezidi. Ana kompyuta ya mezani iliyogeuka rangi kama meno ya mvuta sigara, na kila Alhamisi saa kumi jioni ana Lucien.

Lucien Desrochers alifanya naye kazi ya reli hapa mjini Dauphin miaka thelathini na minane. Kila mchana walikula mkate wao na kucheza kribeji, karata za kutafuta kumi na tano na kusogeza vijiti kwenye ubao wenye matundu. Walipostaafu, Lucien alihamia Winnipeg, kisha kiharusi kikamchukulia maneno yote. Yuko kwenye nyumba ya wazee. Hawezi kusema wala kuandika, lakini mkono wake wa kushoto bado unabofya karata. Kwa hiyo wanacheza kwenye kompyuta, kimya, na Babu Orest anahesabu pointi za wote wawili kwa sauti.

Mimi ni jirani yake. Nilikuwa naenda kumsikiliza tu, na kumuuliza maswali.

"Kwa nini usimtupie tano? Unazo mbili."

"We Macho-manne!" Ananiita hivyo kwa sababu ya miwani. "Karata mbili tunazotupa zinakwenda kwenye rundo la anayegawa, na pointi ni zake. Tano ndiyo karata tamu kuliko zote, ikikutana na kumi au mfalme inakuwa kumi na tano. Hata Olga sikuwahi kumpa tano. Na Lucien? Miaka thelathini na minane, hajanipa hata moja. Bahili yule!"

Mwezi wa kwanza, mchezo ukagoma. Wenye mchezo waliutengeneza upya, ukawa unataka memori ya giga mbili, na kompyuta ya Babu ilikuwa na moja. Alhamisi ya kwanza ikapita hivyo. Akapiga simu nyumba ya wazee, dada aliyepokea akasema atamwambia Lucien. Babu alipopiga tena, zamu ilikuwa ya dada mwingine, ambaye hakujua habari yoyote.

Akaagiza kijiti cha memori kwa posta. Alhamisi ya pili ikapita akikisubiri. Ya tatu kikafika: giga nne, bei ya chini ajabu.

"Nne si zaidi ya mbili?" akasema, akakikandamiza hadi kikalia. Akawasha. Kioo cheusi. Pi, pi, pi. Akakitoa, akakirudisha, akakihamishia nafasi nyingine. Pi, pi, pi. Akarudisha vijiti vyake vya zamani, mashine ikawaka kama kawaida.

"Inanitukana," akasema, akakaa.

Nikachukua tochi nikasoma namba iliyochapwa kwenye ubao wa ndani, nikaitafuta kwenye simu yangu mpaka nikapata kitabu chake cha maelekezo. Ubao ule una nafasi nne, na kila nafasi inakubali giga moja, basi. Kijiti cha giga nne kilikuwa kinaingia vizuri kabisa kwenye nafasi, ila ubao ulikuwa hauna njia ya kukisoma. Kilichotakiwa ni viwili vya giga moja moja, vya aina ileile, vichomekwe kwenye nafasi mbili za rangi moja.

"Vinapatikana wapi leo?" akauliza.

Kuagiza tena kungekula Alhamisi nyingine mbili.

Alhamisi ya nne nilipotoka shule saa tisa nikamkuta ananisubiri ndani ya pikapu, injini inanguruma. Tulikwenda kituo cha taka. Pale kuna kibanda ambacho watu huacha vitu vyao ambavyo bado vinafaa, na anayetaka anachukua. Doreen Flett, msimamizi, alikuwa amejifunika hadi puani. Baridi ilikuwa thelathini na moja chini ya sifuri.

"Orest! Umekuja kuchukua au kutupwa?"

"Ukinitupa nani atakuchekesha? Una kompyuta?"

"Ile pale, ya ofisi ya kanisa. Tangu Krismasi inasubiri mchumba."

Ilikuwa imebandikwa utepe ulioandikwa NZIMA. Tukaipakia nyuma ya pikapu, tukarudi. Jikoni nikaifungua, nikasoma nikichungulia juu ya miwani: vijiti viwili, giga moja kila kimoja, na namba nyingine zote sawasawa na za vijiti vya Babu. Nilipiga kelele. Saa ilikuwa tisa na nusu.

Babu akatoa vyake vya zamani, akavichomeka hivi haraka. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi nilipoinua uso nikakuta sioni kitu. Miwani yangu ilikuwa imejaa ukungu, kama kila ninapotoka kwenye baridi. Nikaivua, nikaangalia vijiti kwa karibu. Vilikuwa vimelowa vitone vidogo vya maji, vinang'aa.

"Babu, usiwashe!"

"Nini tena?"

"Vimetoka jasho. Ukiwasha vikiwa na maji, vitaungua. Na ubao nao."

"Nivikaushe juu ya jiko?"

"Hapana! Tuvitoe vikauke vyenyewe. Saa moja hivi."

Akaitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. Nadhani aliniona mtoto anayejifanya mwalimu. Lakini akavitoa, akavilaza juu ya taulo la Olga, akakaa mikono magotini. Mimi nilikuwa nasikia saa tu.

Saa kumi ikafika. Ikapita. Saa kumi na nusu vilikuwa vikavu kabisa. Tukachomeka, akawasha: pi moja tu, ile ya heri, na giga mbili zikasomwa. Mashine ile ni kobe, lakini mchezo ukafunguka.

Kwenye kioo, kiti cha Lucien kilikuwa kitupu. Chini ya meza hiyo ya mchezo kulikuwa na orodha ya walioingia na kutoka. Alhamisi ya kwanza Lucien aliketi tangu saa kumi hadi saa kumi na moja. Ya pili, dakika arobaini. Ya tatu, ishirini. Leo alikuja saa kumi kamili, akaondoka baada ya dakika sita.

"Ni kosa langu," nikasema.

"Nenda kwenu, mwanangu. Mama yako anakungoja."

"Na wewe?"

"Nitakaa."

Kutoka dirishani kwetu niliona mwanga wa kioo usoni mwake hadi saa kumi na moja.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta ameshaketi, tangu saa nane. Saa kumi jina la Lucien halikuwaka. Dakika tatu. Tano. Babu hakugeuza shingo. Dakika ya saba likawaka.

Babu ndiye aliyegawa. Akatupa kumi na mfalme kwenye rundo lake, Lucien naye akatupa zake mbili, zikalala kifudifudi. Karata ya juu ya zilizobaki ikafunuliwa: tatu. Wakacheza. Mwishowe Babu akafunua rundo. Za Lucien zilikuwa tano na tano.

Nikamtazama. Sikujua kama Lucien amekosea, au kama kiharusi kimekula na hesabu, au kama amempa kwa makusudi.

"Kumi na tano mara nne, pointi nane," Babu akahesabu kwa sauti. "Na jozi. Kumi."

Akasogeza alama zake, akagawa tena. Nikavaa koti nikatoka, na nadhani hakusikia mlango.