Mwanya wa Bi Rumaisa

Temeke yetu hii, biarusi akitaka kung'ara anapelekwa kwa Bi Rumaisa. Hilo halina mjadala. Chumba chake cha nyuma kina mapazia mazito na harufu ya udi isiyokatika, na humo ndimo anamowasinga mabinti wa watu kabla ya harusi, anawasugua mwili mzima kwa singo ya liwa ya msandali na manukato. Binti akishaingia, jua haligusi tena mpaka siku ya kutolewa.

Na yeye mwenyewe ndiye bango la kazi yake. Ngozi laini, nyeupe, haina hata doa, maana Bi Rumaisa na jua walikosana zamani. Sokoni anaagiza. Nguo anaanika alasiri, kivuli kikishaingia uani. Akilazimika kutoka, ni baibui, soksi, glavu, na mwavuli juu yake, na akirudi analalamika utadhani katoka vitani.

Lakini mumewe, Abdulhadi, muuza viungo mwenye duka pale mbele ya nyumba yao, hakumuoa kwa ngozi. Alimuoa kwa mwanya, na husema hivyo mbele za watu bila haya. Alimwona kwenye walima, karamu ya harusi ya binamu yake, Rumaisa akacheka, na ule mwanya wa meno ya mbele ukamaliza kazi. Tangu hapo Abdulhadi ana kazi mbili tu duniani, kuuza binzari na kumchekesha mkewe. Vichekesho vyenyewe, niseme ukweli, ni vya ovyo. Kuna kile cha mbuzi aliyepanda ghorofa akashindwa kushuka. Bi Rumaisa kakisikia mpaka kinamtoka puani, na bado alikuwa anacheka.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, kicheko kikaanza kuadimika. Zilianza fizi. Akipiga mswaki, mate yanatoka na damu. Akasukutua maji ya chumvi, akatafuna karafuu za mumewe, akanyamaza. Kisha asubuhi moja akauma kitumbua, kitumbua jamani, wala si mfupa, na jino moja la pale kwenye mwanya likasogea. Akaligusa kwa ulimi. Likacheza.

Alikaa kitandani, ulimi ukirudi pale pale. Maumivu hakuyaogopa, huyu kazaa mara nne. Aliogopa pengo. Aliogopa siku ambayo Abdulhadi atamtazama kinywani, halafu ageuze macho. Basi akawa akicheka anajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mwishowe akaacha kucheka kabisa. Mumewe akaleta habari za mbuzi, akajibiwa "hmm". Akarudi dukani mnyonge, kutwa nzima anakosea kupima iliki.

Jino lilipozidi kulegea, Bi Rumaisa akajikaza, akaenda kwa daktari wa meno peke yake. Daktari Jovina, binti wa Bukoba mwenye mkono mwepesi, alimwamkia shikamoo, akamkagua, akamtoa ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, uliojificha chini ya fizi, akamwelekeza kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea. Kisha akamuuliza, "Mama, jua huwa unalipata saa ngapi?"

"Jua la nini tena, mwanangu?"

Akapimwa damu. Vitamini D ilikuwa chini mno.

"Ugaga na wadudu ndio walioanza ugomvi, na hao tunahangaika nao," daktari akamwambia. "Lakini jino linashikwa na mfupa, na mfupa unataka madini ya chakula. Vitamini D ikikosekana, madini yanapita tu, mwili hauyashiki vizuri. Hata fizi zinachoka kupigana na wadudu. Kuna vidonge, na kuna jua. Ngozi ikipigwa na jua, mwili unaitengeneza wenyewe."

Vidonge humvuruga tumbo, akachagua jua. Ila akalichagua kwa akili zake. Kila asubuhi alijipaka liwa kuanzia paji la uso mpaka vidoleni, nene kama plasta ya ukuta, asije akaungua, kisha akakaa sebuleni nyuma ya dirisha la kioo lililofungwa, asije akaonekana. Jasho likimtiririka, akijiona mgonjwa mtiifu kuliko wote Dar es Salaam.

Miezi ikapita. Akarudi, akapimwa, vitamini iko pale pale na jino linacheza zaidi. Daktari Jovina akamwomba aeleze anavyokaa. Hakumcheka. "Mama, kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ule mwale wenye kazi unaishia hapo hapo kwenye kioo. Na ungepita, ungekuta liwa." Akampa vidonge anywe baada ya chakula, akasema kuhusu jino hawezi kuahidi.

Siku hiyo Bi Rumaisa aliingia dukani badala ya ndani, akalia mbele ya magunia. "Baba Farhan, jino la mwanya linataka kutoka."

Abdulhadi aliweka mizani chini. "Kumbe ni jino? Mie nilidhani umenichoka."

Akasimuliwa yote, jua, kioo na liwa. Kesho yake hakufungua duka, mtu ambaye hata na homa hufungua. Alitoa kanga zote za mkewe sandukuni, akazifunga kwenye kamba na mianzi kuzunguka uani, upande wa ghorofa ya jirani akazipandisha juu kabisa. Akatandika mkeka katikati. Bi Rumaisa akatoka na dera lisilo na mikono, ngozi tupu bila liwa, akikunja mabega kama mtu anayeogopa maji baridi. Mumewe akakaa mlangoni, kampa mgongo, analinda.

Ikawa ndiyo desturi yao ya saa nne asubuhi. Bi Rumaisa akaingia rangi ya jua. Mama mmoja wa biarusi alipoguna, alijibiwa kwamba binti yake naye ataanzia uani, ndipo aingie singo, na asiyetaka atafute kwingine. Damu kwenye mswaki ikakoma. Fizi zikarudia rangi yake.

Juzi Daktari Jovina alilishika lile jino kwa vidole, akalisukuma huku na huku. "Hili litabaki, mama."

Bi Rumaisa alifika nyumbani, akakaa mkekani, akauuliza ule mgongo wa mlangoni, "Hivi yule mbuzi alifikaje ghorofani?"

Abdulhadi aligeuka taratibu, akaanza kusimulia. Hakufika mbali. Bi Rumaisa alishacheka, kinywa wazi, mikono yote miwili mapajani, na mwanya uko pale pale ulipokuwa siku ya walima. Mzee wa watu akamtazama, machozi yakamlenga, akasahau kisa kinavyoendelea.

"Akashuka kwa ngazi," Bi Rumaisa akammalizia, "kama watu wengine."