Majirani Waliokuja Kuomba Chumvi

Mwaka wa korona mimi na mama yangu tuliishi Huruma, Nairobi, ghorofa ya nne. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba hata mtoto wao akipiga chafya, mama alimwambia "pole" akiwa kwenye kochi letu.

Jirani huyo alikuwa mama wa watoto wawili, mcheshi kupindukia. Kiwanda alikofanya kazi mumewe kilifungwa, shule nazo zikafungwa. Kafyu ilipoanza na kutoka nje usiku kukakatazwa, kila jioni walijikuta ndani ya chumba kimoja na mtu mwenye hasira. Tukaanza kusikia vishindo. Siku moja binti yao alikuja kwetu na alama ya mshipi mkononi. Shule zingekuwa wazi, mwalimu wake angeiona. Aliyeiona ni mama.

"Mbona usirudi kwenu?" mama alimuuliza jirani wakianika nguo.

"Nitapitia wapi? Barabara za kutoka Nairobi zimefungwa."

Mama akaita wanawake wa korido yetu. Jioni ile, mwanamume alipoanza kufoka, mama alibisha. "Hodi, shemeji! Naomba chumvi."

Kabla hajaketi, mwingine aliingia kuomba kiberiti. Nikafuata mimi, nikitaka kisu, na nyuma yangu mama mmoja mnene aliyesema amekuja kuomba kitu ila amekisahau, kwa hiyo atangoja akikumbuke. Watoto walijificha nyuma ya pazia wakicheka.

"Kwani mnataka nini nyinyi?" mwanamume aliuliza.

"Tuna macho, shemeji," mama akajibu, safari hii bila kutabasamu. "Na masikio. Kesho tutakuja tena."

Tulienda kila jioni. Hakuwagusa tena, lakini jirani hakutaka kuishi kwa kulindwa. Asubuhi moja tulimbebea godoro hadi mtaa wa Jericho, humo humo Nairobi, kwa dada yake, watoto wametangulia, barakoa zimewashuka kidevuni, wakiimba. Mume aliwafuata mara moja tu. Alimkuta dada mtu mlangoni pamoja na mzee wa mtaa, akageuza.

Siku hizi jirani anauza samaki sokoni Jericho. Jumamosi nilimkuta akibishana na mteja, wote wawili wamevunjika mbavu kwa kicheko. Binti yake, ambaye sasa amenipita kwa urefu, alinifungia samaki mkubwa kwenye gazeti.

"Mpelekee shosho," alisema; ndivyo anavyomwita mama, kana kwamba ni bibi yake. "Na usimlie kichwa njiani."