Nani Anaisogeza Saa ya Scarrow?

Saa mbili asubuhi, Jumatano. Maureen Ollerenshaw amepiga magoti juu ya zizi la zamani la farasi katika jumba la Scarrow, Derbyshire. Ananyunyiza unga wa ngano kwenye vidato vya ngazi.

"Usiandike kwanza," anamwambia mwandishi. "Hata wewe sijakuchunguza."

Mama huyu wa miaka 63 ameitunza saa ya jumba hilo, iliyo juu ya zizi, kwa miaka kumi na tisa. Ina uso wa buluu, tarakimu za dhahabu na jua lenye macho yaliyofumba nusu. Kila Jumatatu hupanda vidato 41 kuitia ufunguo, mizunguko 120 kwa mkono. Bega la kulia limeanza kumsumbua.

Tangu Pasaka, saa hiyo hukimbia dakika nane, tena Jumatano tu, naye huirudisha kesho yake.

"Saa mbovu haichagui siku," anasema. "Hii ina mtu."

Aliyemshuku ni meneja, Giles Penhallow, ambaye tangu majira ya baridi anataka ifungwe mota ya umeme badala ya mkono wake. "Akisema saa imechoka, na mimi nimechoka. Ndiyo hesabu yake." Maureen aliacha hata kunywa chai na wenzake.

Jioni kengele ya saa hiyo inapogonga saa kumi na moja, saa ya mkononi mwake bado inadai dakika nane. Anakimbilia ngazini. Kuna nyayo, ndogo mno kwa Giles. Weupe wa unga unavuka ua hadi mgahawa wa jumba, kwa mhudumu wake Nesta Widdop, rafiki ya Maureen wa miaka mingi.

"Nesta, inua mguu nione soli."

Nesta hainui. Anaendelea kufuta meza.

"Wageni hawaondoki kabla ya kengele," anasema. "Jumatano sina wa kunibeba, na basi linapita kumi na moja na dakika tano. Nikilikosa, nafika kwenye makao ya wazee mume wangu Harold ameshalala. Akiamka kesho yake anasema mke wake hakuja."

"Ungeniambia."

"Wewe? Siku hizi humwamini hata paka."

Maureen anavuta kiti, anakaa. "Nenda, basi litakuacha," anamwambia. "Vikombe nitaosha mimi."

Kesho yake walikwenda wawili kwa meneja wakaeleza yote. Giles alisikiliza, akakubali Maureen awe anafunga mgahawa kila Jumatano ili Nesta awahi. Suala la mota litaamuliwa Septemba.

"Amekubali upesi mno," Maureen anasema. "Namwangalia."

Kabla ya Septemba anataka kumfundisha Nesta kuitia saa ufunguo. Anaamini kuwaondoa wanawake wawili ni kazi ngumu kuliko kumwondoa mmoja mwenye bega bovu.

"Ngazi yenyewe anaijua," anasema, bila kucheka. "Ameshaipanda mara nyingi kuliko nilivyopenda."