Nyumba ya Pwani Niliyoiuza kwa Hasira

Nina mdomo. Mama yangu alinionya tangu nikiwa sekondari, mume wangu ameshakata tamaa, na mwaka huu mdomo huohuo umeuza nyumba tuliyokuwa tunaishi bure.

Haikuwa yetu. Ilijengwa zamani na msafirishaji mmoja wa Tanga aliyekuja Tunduma kufuata malori ya mpakani, akaja na ramani ya nyumba kama zile za kwao za ufukweni: paa bapa la zege, madirisha marefu toka kona hadi kona, baraza pana, na mbele ukuta mzima wa matofali ya matundu ili upepo wa bahari upite. Bahari iko wapi Tunduma? Sisi tuna upepo wa Juni, unaopita kwenye matundu hayo na kukufuata kitandani ukiwa na soksi na sweta. Baridi ikianza nilikuwa nayaziba kwa mifuko ya salfeti, ikiisha nayazibua, huku namsema mwenye nyumba kimoyomoyo.

Mzee mwenyewe alisharudi Tanga kupumzisha magoti. Mapatano yetu yalikuwa mepesi: sisi tukae, tuitunze. Mume wangu ni utingo wa lori, anashinda ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo "sisi" hapo ni mimi. Mimi ndiye niliyezibua mabomba ya paani kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyepaka sakafu nta nyekundu kila Jumamosi. Kuisugua nilikuwa na njia yangu: natandika kipande cha blanketi, namkalisha binti yangu juu yake, namvuta chumba hadi chumba. Uzito wake unang'arisha, yeye anacheka, mimi naapa wiki ijayo sifanyi. Wiki ijayo nafanya. Sakafu ikawa kioo. Mjinga mimi nikawa najiangalia humo na kujisifu.

Mzee alipiga simu nikiwa naanua nguo. Akanijulia hali, akamjulia hali mtoto, akauliza mvua, akauliza mahindi; watu wa pwani hawaingii ndani bila kubisha hodi. Mwisho ndipo akasema, "Mwanangu, nyumba nimeamua kuiuza. Wateja wakija na dalali, wafungulie, uwaonyeshe."

Nikajibu, "Sawa, mzee," kwa sauti ya kanisani. Simu ilipokatika nilipiga teke beseni la nguo. Zilikuwa safi. Nikafua upya.

Halafu nikapanga vita. Kama mimi ndiye wa kuonyesha, nitaonyesha ubaya. Mteja wa kwanza, mwalimu, nilimpokea nimejifunga blanketi, nikamkalisha penye matundu mpaka kamasi zikaanza kumtoka. Akaaga. Aliyefuata, mwenye duka la vipuri, nilimwambia nyumba hii usiku inalia. Sikudanganya, upepo ukipiga matundu inapiga mluzi. Akaondoka bila kumaliza vyumba. Dalali alinilalamikia kwamba namharibia riziki. Nikampa chai. Nilijiona mjanja kweli.

Akaja mnunuzi wa mahindi, mtu mzima wa Igamba, na kofia yake ya pama. Huyu hakuhitaji msaada wangu. Aliizunguka nyumba, akaguna, akamwambia dalali kama vile mimi ni nguzo ya umeme kwamba hili ni kontena lililoshushwa likasahaulika. Nyumba ni paa, akasema, paa la migongo minne, bati jekundu lionekane toka barabarani. Hata kiwanja hakitaki, maana kuvunja zege hilo ni kazi ya mwaka. Akageuka kwenda zake.

Mwenye akili angemfungulia geti.

"Baba, vua viatu," nikamwambia. "Vua uingie uone, ndipo useme."

Nadhani alivua kwa mshtuko. Nikampitisha kwenye sakafu yangu. Nikamwonyesha madirisha yanavyoingiza jua hadi jikoni. Akauliza, kwa dharau, kama paa la kulala hivyo halikusanyi maji kama sufuria. Hapo ndipo aliponigusa penyewe. Mabomba yale nayazibua kwa mikono yangu, mjamzito niliyazibua, na tone halijawahi kuanguka ndani. Nikampandisha ngazi ya nyuma, dalali akitufuata.

Juu kulikuwa na mahindi yangu ya shamba la Ihanda, nimeyaanika kwenye turubai. Akachuchumaa. Akachukua punje, akaing'ata. Ikalia. Kila mtu wa huku anaijua sauti hiyo ya punje iliyokauka.

"Unaanika hapa?"

"Kila mavuno," nikasema, bado nimewaka. "Kuku hawafiki, mbuzi hawafiki, mchanga hauingii. Na upepo huo unaoucheka ndio unaokausha."

Niliendelea. Nilieleza jua linatokea wapi, wingu likija turubai unalikunja vipi, magunia yanashuka vipi kwa kamba. Yule mnunuzi alikuwa anapima paa kwa hatua zake, na dalali alikuwa anatabasamu, nami ndipo nikajisikia ninavyoongea.

"Mama," akasema mnunuzi, "udalali ulijifunzia wapi?"

Akanunua. Mzee wa Tanga alinipigia kunishukuru na kuniombea dua ndefu. Nikaitikia amina mpaka mwisho. Mume wangu nilimweleza yote kwa simu. Akauliza kama nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia yule mtu aliitukana nyumba.

"Nyumba ya nani?"

Nikakata simu.

Sasa tumepanga vyumba viwili chini ya paa la migongo minne, bati jekundu, linaonekana toka barabarani. Linavuja pale migongo inapokutana, juu ya kitanda changu. Sakafu ni saruji iliyochubuka. Jumamosi ya kwanza binti yangu alitoa kile kipande cha blanketi, akakitandika, akakaa, akasubiri. Nikamwambia sakafu hii haivutiki. Akaendelea kusubiri. Nikamvuta. Blanketi likanasa kwenye ufa wa kwanza, likachanika, naye akanitazama kana kwamba nimevuta vibaya.

Mwenye nyumba wetu mpya anakaa nyumba ya tatu. Mume wangu, yuko likizo, ananisihi niketi kwanza, nipoe, hatuna pengine pa kwenda. Anasema kweli. Nimeshavaa viatu.