Kichupa ya Daktari kwa Kwapa la Mama Wambui

Wacha niseme mwenyewe kabla mtu wa Uthiru awaambie: ni mimi nilifukuza kikundi ya maombi ya akina mama na moshi, tena nikiwa nimevaa koti si yangu.

Hiyo miaka nilikuwa mtu wa kutumwa kwa lab moja Loresho (shule niliachia Form Two, kazi yangu ilikuwa miguu). Asubuhi moja Daktari akanituma Parklands nichukue koti yake nyeupe kwa dobi, halafu boksi ya kutoka ng'ambo, alikuwa ameingojea miezi. Ndani ni kichupa kama kidole ya mtoto, imezikwa kwa barafu kavu, ile haina maji na inatoa moshi.

"Ni protini," aliniambia. "Kamlango kadogo sana, potasiamu hupitia hapo kwa seli za moyo. Ni ya binadamu, lakini imetengenezwa na bakteria kwa maabara. Ikipata joto imeisha. Uje moja kwa moja."

Moja kwa moja, mimi? Nikavaa koti, nikajiona kwa kioo ya duka, nikaona hii sura haiwezi kupotea bure, nikapita steji ya Loresho mpaka Uthiru kwa kina Wambui, msichana nilikuwa nampenda na kwao sijasema kitu.

Wambui hakuwa nyumbani. Mamake alikuwa, na wenzake wa maombi wamejaa sebule, Biblia kwa magoti.

"Karibu, daktari," akasema. "Umebeba nini?"

Ningesema dawa. Nikasema, na sauti ya hospitali, "Protini ya binadamu, mama."

Na hapo ndio boksi ikaamua kutoa moshi.

"Shetani ashindwe," mmoja akasema, na jirani yake akang'oa kifuniko akamwagia beseni nzima ya maji. Sasa barafu kavu ikipata maji inachemka kama sufuria. Moshi ikafunika makochi, TV, mpaka picha ya harusi, akina mama wakatoroka na mlango wa jikoni wakiimba. Nikachomoa kichupa na kitambaa ya meza, nikampatia mamake Wambui, yeye tu ndio hakuwa ametoroka.

"Mama, itunze kama mtoto. Hii ikikufa, na mimi nimekufa."

Nikakimbia kwa bucha kuomba barafu. Kurudi, amekaa, amefunga macho, kichupa iko kwapani, imefunikwa na leso.

"Ilikuwa baridi sana, maskini," akaniambia. "Sasa imepata joto."

Nikakaa chini na barafu yangu nikamweleza yote, hata koti, hata Wambui. Akachukua mkoba. "Twende kwa huyo mwenye koti."

Pale lab akasimama mbele yangu. "Daktari, ni mimi nimeiua. Usimfute huyu kijana, anataka kuoa msichana wangu na ameshindwa kusema."

Daktari akaangalia kichupa, akaniangalia. "Kwani hiyo ni koti yangu?"

Sikufutwa. Nilipelekwa kuosha chupa, na Daktari akaanza kungojea ingine upya. Wambui ndio huyu mnasikia akicheka hapo jikoni. Siku hizi hata nikitumwa chumvi, vioo za maduka siangalii. Lakini kila Krismasi mamake hunivuta kando: "Na ile kitu yetu, ilipona?"

Mimi humwambia ilipona, mama, iko tu Loresho, inafungua na kufunga.